JICHO LIMESHATOLEWA MTOTO, MBONA BADO NAONA UKUNGU?



MZEE mmoja wa visiwani, huku kwetu delta ya Rufiji, alinijia zahanati wiki ya pili baada ya kutolewa mtoto wa jicho huko Dar es Salaam. Akaniita pembeni, akaninong'oneza: "Mwanangu daktari, jicho walilonitia hawa si langu. Kanzu yangu nyeupe naiona ina bluu." Alikuwa na hofu ya kweli, na nyumbani walishaanza kumtafuta mtu wa kumsomea.

Kusomewa Qur'an hakuna ubaya, ndugu msomaji. Lakini bluu ile haikuwa jini. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo tunazaliwa nayo ikiwa safi kama maji. Umri ukienda huingia unjano, kisha ukahawia, na ukungu ukizidi ndiyo tunaita mtoto wa jicho. Ule ukahawia huzuia rangi ya bluu isipite. Mzee alikuwa ameishi miaka mingi akiitazama dunia kama kupitia glasi ya chai. Lenzi ile ilipotolewa, bluu yote ikamwingia kwa mkupuo. Ubongo huzoea baada ya siku au wiki kadhaa, na yeye alizoea.

Tiba hii si ngeni kwetu Waislamu. Yapata mwaka 1000, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri, aliandika namna ya kumvuta mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni lenzi ya kuweka badala yake, mpaka Harold Ridley alipoipandikiza ya plastiki huko London mwaka 1949.

Sasa, ukifunguliwa bandeji kesho yake usitarajie kuona kila kitu. Kioo cha mbele cha jicho huwa kimevimba kidogo, na matone yaliyotumika kupanua mboni huenda bado yanafanya kazi. Mwanga utakuchoma, machozi yatatoka, utahisi kama mchanga. Kipimo chako kiwe hiki: je, leo ni afadhali kuliko jana? Kama ni afadhali, endelea na matone yako na uwe na subira.

Wapo wanaoona kivuli cha mwezi mchanga pembeni, upande wa sikio, au miale kuzunguka taa usiku. Ni mwanga unavyopita ukingoni mwa lenzi mpya, na kwa wengi hupungua. Na aliyefanyiwa jicho moja tu huweza kumimina chai nje ya kikombe au kukosea ngazi ya boti, kwa kuwa macho mawili hayajakubaliana. Mshikeni mkono bandarini.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni ya msahafu. "Majahazi nayaona mpaka kule kwenye mikoko, lakini herufi zimechanganyika." Lenzi ya kupandikizwa kwa kawaida ina nguvu moja tu, na mara nyingi huwekwa ya kuona mbali. Utahitaji miwani ya kusomea. Ila usikimbilie ya mnadani wiki ya kwanza, maana jicho bado linabadilika. Subiri upimwe baada ya wiki nne hadi sita hivi.

Hayo ni ya kusubiri. Yafuatayo hayasubiriwi.

Bibi mmoja alikuwa anaona vizuri mpaka siku ya tano. Usiku wake jicho likaanza kuuma, likawa jekundu, na asubuhi akaona giza. Nyumbani wakasema ni dawa inachoma uchafu. Wakamtia asali. Asali ni shifaa, hilo hatubishani, lakini ya kuilamba si ya kumimina kwenye jicho lenye kidonda kibichi. Na maziwa ya mama na maji ya majani ni hivyohivyo. Alipotufikia siku ya nane ndani ya jicho kulishajaa usaha. Tulimpa rufaa siku ileile, lakini jicho halikuokoka. Maambukizi haya ni ya nadra, ila yakitokea yanahesabiwa kwa saa.

Basi jicho likianza kuuma upya, likizidi wekundu, au uoni ukirudi nyuma baada ya kuwa mzuri, nenda. Ukiona vimulimuli kama radi, vidoa vingi vyeusi kwa ghafla, au pazia linalofunika upande mmoja, nenda. Ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha huenda inabanduka. Jicho kuuma pamoja na kichwa na kutapika ni dalili ya presha ya jicho, nenda vilevile.

Kuhusu ibada, siku za mwanzo usiingize maji jichoni wala kuinamisha kichwa chini, kwa muda atakaokuambia daktari wako. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, unaosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya pasipooshwa. Kung'uta na puliza vumbi la viganja kwanza, wala usilisugue jicho. Namna kamili muulize sheikh wako. Rukuu na sijda ziashirie.

Wengine huacha matone mwezi wa Ramadhani wakiogopa kufungua. Kwa Shafi matone ya jicho hayafunguzi, hata ladha ikifika kooni, na Majmaa ya Fiqhi katika kikao cha Jeddah mwaka 1997 ilisema hayafunguzi iwapo utajiepusha kumeza kinachofika kooni. Usiyaache katikati, wala usimgawie jirani. Na akina mama, moshi wa jikoni na wa kukaushia samaki mkae nao mbali kwa wiki hizo.

Liko moja la baadaye. Miezi au miaka ikipita ukungu unaweza kurudi polepole, bila maumivu. Watu husema mtoto wa jicho ameota tena. Haoti. Kile kifuko chembamba kinachoshikilia lenzi mpya ndicho kimeingia ukungu, na hospitali yenye mashine ya leza hukifungua kwa dakika chache bila kisu. Hiyo unaweza kupanga safari yako kwa nafasi. Lakini jicho linalouma wiki ya kwanza, kwa wewe uliye Mbwera au Maparoni, usingoje boti ya wiki ijayo: maji yakijaa tu, toka, na kadi yako ya hospitali uwe nayo mkononi.