Kisangani: Kabla ya kununua mikro mpya ya gita, shika turnevisi

Upande wa Bangboka, kwenye barabara inayotoka uwanja wa ndege kuelekea katikati ya mji wa Kisangani, gita ya umeme husikika zaidi siku ya Mungu, kanisani. Nyingi ni gita za bei ya chini, na lalamiko linajulikana: sauti ni kali, inachoma masikio, haina ule utamu wa sahani za miaka ya 1960. Anayelaumiwa kwanza ni mikro, na wazo linalofuata ni kuagiza nyingine kutoka ng'ambo. Kwa mwanamuziki anayeishi kwa kidogo anachopewa baada ya ibada, hiyo ni feza ya miezi, na inaweza kupotea bure.

Mikro ya gita si kitu cha siri. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifikateri. Uzi wa nailoni hausikiki hata kidogo.

Sumaku za gita za zamani ziliitwa alniko: alumini, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Hapo Mkongomani anapaswa kutega sikio. Katika miaka ya 1950, wakati Fender na Gibson walipotengeneza gita zinazotafutwa leo kwa bei ya nyumba, Katanga ndiyo iliyoongoza dunia kwa kobalti. Vita vya Kolwezi vya Mei 1978 vilipandisha bei yake mara kadhaa, na viwanda vingi, hasa vya spika, vikakimbilia sumaku za ferraiti zilizo rahisi zaidi. Mikro nyingi za bei ya chini zinazo hizo hadi leo, na mara nyingi sauti yake ni ngumu zaidi.

Anayetafuta roki ya zamani ana njia mbili. Mikro ya bobini moja, kama zile za Stratocaster ya Jimi Hendrix, inatoa sauti safi, yenye kung'aa. Mikro ya bobini mbili, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, ni nene na yenye joto. Ndiyo ya Les Paul ya Jimmy Page. Bobini hizo mbili hufuta mngurumo wa umeme. Kisangani, ambako jenereta hunguruma nyuma ya ukumbi kila SNEL inapokata, hilo si jambo dogo. Kwa rumba ya aina ya Docteur Nico, bobini moja bado haina mpinzani.

Wengi hukosea kwa kutafuta nguvu. Mikro za zamani zilikuwa dhaifu. Ya bobini mbili ya wakati ule ikipimwa kwa multimeta huonyesha kilo-omu 7 au 8 hivi. Za kisasa zenye kelele hupita 14. Waya ukizidi, sauti nyembamba za juu zinakufa.

Lakini kabla ya yote ni urefu wa mikro. Bonyeza uzi kwenye fret ya mwisho, kisha pima kwa rula ya mwanafunzi nafasi kati ya uzi na sumaku. Kwa bobini moja, anza na milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Ikikaribia sana, sumaku inavuta uzi, na gita inasikika kama haijafungwa sawasawa hata ikifungwa mara kumi. Shusha visi robo mzunguko, piga, sikiliza, shusha tena. Wengine hushangaa kwamba ule ukali uliowachosha ulikuwa hapo tu.

Kisha volimu ya gita: irudishe hadi 7, amplifikateri ibaki juu. Wazee hawakupiga kwa 10 kila wakati.

Mikro ikipiga mluzi, koili yake imelegea. Mafundi huizamisha ndani ya nta ya moto, kwa uangalifu, maana moto ukizidi plastiki inapinda. Na kama multimeta haionyeshi kitu, waya umekatika. Hata hiyo haitupwi. Fundi wa redio mwenye subira na waya unaofaa anaweza kuizungusha upya, juu ya sumaku ileile.