Likizo ya Utumishi Mrefu kwa Mfanyakazi Anayeugua au Aliyefariki Nchini Australia

Nchini Australia, mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri mmoja mfululizo kwa miaka mingi hupata, mbali na likizo yake ya kila mwaka, likizo ya utumishi mrefu, yaani mapumziko ya wiki kadhaa yenye malipo, ambayo huongezeka kadiri utumishi unavyorefuka. Chimbuko lake ni karne ya 19, pale watumishi wa umma wa makoloni ya Victoria na Australia Kusini walipopewa muda wa kutosha wa kusafiri kwa meli hadi Uingereza na kurudi. Sheria ya mwaka 1955 ya jimbo la New South Wales, ambayo ingali inatumika, humpa mfanyakazi miezi 2, sawa na wiki 8.67 hivi, anapotimiza miaka 10. Haki hii si kiinua mgongo, kwa kuwa msingi wake ni mapumziko, na chini ya sheria hiyo fedha huchukua nafasi ya mapumziko hayo pale tu ajira inapokoma.

Miaka 10 ni mingi, na maradhi hayangoji itimie. Kwa sababu hiyo sheria hiyo imeweka malipo ya uwiano, yaani sehemu ya stahiki inayolingana na miaka iliyokwisha kutumikiwa, kwa mfanyakazi aliyefikisha miaka 5 kisha akafariki, au akalazimika kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, kutojiweza, au dharura nzito ya kifamilia. Aliyetumikia miaka 6 hustahili sehemu 6 kati ya 10 za wiki 8.67, yaani takriban wiki 5.2 za mshahara.

Hata hivyo, kila jimbo lina sheria yake, na tofauti hizo huonekana wazi katika miji ya Albury na Wodonga, inayotazamana kuvuka mto Murray. Familia ya mfanyakazi wa Albury, upande wa New South Wales, aliyefariki katika mwaka wake wa saba kazini, hulipwa kwa uwiano, ilhali ya mwenzake wa Wodonga, upande wa Victoria, haidai chochote chini ya sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2018, ambayo huanza kutoa haki pale miaka 7 inapotimia. Ni kweli kwamba baada ya hapo sheria ya Victoria haiulizi sababu ya ajira kukoma, na hilo ni jambo jema. Lakini kwa kuwa stahiki hii ni ujira uliochumwa siku baada ya siku, ni vigumu kuona haki katika mpaka unaoufuta wote kwa sababu ya kifo kilichotangulia kwa miezi michache.

Kwa mgonjwa wa New South Wales ugumu ni mwingine, kwani kabla ya miaka 10 hana budi kuacha kazi ndipo alipwe, isipokuwa mwajiri akikubali kumpa likizo mapema; na mtu aliye katikati ya matibabu mazito hapaswi kusukumwa kuchagua kati ya ajira yake na fedha alizozitolea jasho. Anapoamua kujiuzulu, ugonjwa sharti uwe ndio sababu halisi iliyomwondoa, kwa kipimo cha kile ambacho mtu mwenye busara angefanya katika hali kama yake, na ndiyo maana barua ya kujiuzulu inayoitaja sababu hiyo waziwazi, ikiambatanishwa na cheti cha daktari, ina uzito mkubwa panapozuka mgogoro.

Mfanyakazi akifariki, malipo hukabidhiwa msimamizi wa mirathi, yaani mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kukusanya na kugawa mali ya marehemu. Kwa hiyo hugawanywa kwa kufuata wosia au, pasipo na wosia, sheria ya mirathi, tofauti na akiba ya uzeeni, ambayo wadhamini wa mfuko wanaweza kuwalipa wategemezi moja kwa moja. Mjane aliyekwisha kupokea akiba hiyo anaweza kudhani kwamba hesabu na mwajiri imekwisha, kumbe wiki hizo za likizo bado zinamngoja msimamizi azidai.