Kidaka, Nazi na Seli za Utumbo Mpana

Wasomaji waliofanyiwa kipimo cha kamera na kukatwa kinyama huuliza mara kwa mara kama majibu yanayosema "uvimbe sugu wa utumbo mpana" si saratani iliyofichwa jina. Kosa si la muulizaji, bali ni la neno lenyewe, kwa kuwa "uvimbe" hubeba donge la saratani na vilevile ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma kinga ya mwili inapopambana. Hali hii ya pili inastahili kuitwa "mchochota", neno ambalo halijazoeleka masikioni lakini angalau halimtishi mtu kwa donge asilokuwa nalo.

Dalili hazitoshi kuamua, kwani damu kwenye choo, vidonda na utumbo kubana hupatikana kote kuwili. Uamuzi hutolewa kwenye hadubini, baada ya kinyama kukatwa vipande vyenye unene wa takriban milimita 0.004 na kutiwa hematoksilini, inayogeuza viini vya seli kuwa zambarau, pamoja na eosini, inayofanya sehemu nyingine kuwa waridi.

Utando wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo, na kila kimoja kina seli shina karibu na kitako chake. Seli zinazozaliwa hapo hupanda zikikomaa, na baada ya takriban siku 4 hadi 5 hufika juu na kudondoka. Safari hiyo ni ile ya kidaka kuwa kitale, kitale kuwa dafu, dafu kuwa koroma, na koroma kuwa nazi. Mchochota unapounguza utando, kitako huzalisha kwa pupa, hivyo chini hujaa vidaka, yaani seli zenye viini vikubwa, vyeusi na vilivyosongamana, vinavyoweza kumshtua hata mtaalamu. Lakini jicho likipanda hadi juu hukuta nazi kamili, kama mnunuzi atikisaye nazi akasikia maji yakicheza ndani. Katika displasia, yaani mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani, kidaka hupanda hadi juu kikiwa kidaka vilevile, na hakuna maji yanayocheza. Saratani yenyewe huthibitika seli hizo zinapovunja mpaka wa utando na kuzama katika tabaka za chini.

Mchochota ukiwa mkali mno, mtaalamu huweza kuandika kwamba hawezi kuamua, na kinyama kingine hukatwa baada ya matibabu. Mchochota wa miaka mingi nao huongeza uwezekano wa saratani. Kwa hiyo wenye kolaitisi ya vidonda, yaani mchochota sugu wa utumbo mpana unaoambatana na vidonda, huanza kukaguliwa kwa kamera takriban miaka 8 baada ya dalili za kwanza, hata kama tumbo limetulia.