Kichaka cha Jangwani Kinachofungua Pumzi

Fungueni madaftari yenu.

Leo tutazungumza habari za mmea uitwao efedra. Twendeni kwa fikira mpaka Ladakh, kaskazini ya Bara Hindi. Huko ni jangwa, lakini jangwa la baridi, juu milimani, sehemu kubwa yake zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Himalaya huzuia mawingu ya mvua, na wakati wa kipupwe maji huganda.

Je, mmea huishije mahali kama pale? Sikilizeni. Majani hupoteza maji. Basi majani ya efedra ni madogo mno, kama magamba. Ukiitazama utaona vijiti vya kijani tu, mfano wa ufagio uliosimamishwa. Vijiti hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya majani.

Efedra za namna nyingine huota Uchina. Waganga wa huko wamechemsha vijiti vyake kwa miaka elfu mbili hivi, wakiwanywesha wenye homa, kikohozi na pumu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Japani, Nagai Nagayoshi, alitenga ile nguvu iliyomo ndani yake, nayo ikaitwa efedrini. Efedrini hupanua njia za hewa kifuani, mgonjwa akapata kupumua.

Lakini ngojeni kidogo. Dawa ile ile hufika moyoni pia. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, na shinikizo la damu hupanda. Huko Marekani watu waliuziwa vidonge vya efedra ili wapunguze unene. Wengine walipatwa na maradhi ya moyo, na wengine wakafa. Mwaka 2004 serikali yao ikapiga marufuku vidonge hivyo.

Tunajifunza nini? Dawa ya miti ni dawa kweli. Kwa hiyo ina nguvu ya kuponya na nguvu ya kudhuru. Ukinywa dawa ya miti nyumbani, mwambie daktari, usimfiche, asije akakupa nyingine ya kugombana nayo. Na mwenye pumu aende hospitali. Siku hizi ziko dawa za kuvuta kwa mdomo zilizo salama zaidi.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari:

1. Kwa nini majani ya efedra ni madogo?
2. Efedrini husaidiaje mwenye pumu?
3. Hudhuru kiungo gani?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.