Je, Wajua? Bendi ya Roki Haingoji Vyombo vya Dukani

Kijana wa Singida akisema anataka kuunda bendi ya roki nzito, wengi watamwuliza vyombo atavitoa wapi na nani atakuja kumsikiliza. Wakongwe wa muziki huo walikwishayajibu maswali hayo, na baadhi yao ni wa kwetu.

JE, WAJUA kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa wa roki duniani ni mzaliwa wa Zanzibar? Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Bendi yake ya kwanza, The Hectics, aliiunda na wanafunzi wenzake wa bweni huko Panchgani, India, naye akapiga piano. Mwaka 1970 alishiriki kuanzisha Queen mjini London, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury.

JE, WAJUA kwamba gitaa lililoipa Queen sauti yake lilitengenezwa nyumbani? Mpiga gitaa wao, Brian May, alianza kuliunda mwaka 1963, akiwa mwanafunzi, akisaidiwa na baba yake. Shingo ilichongwa kutoka ubao wa zamani uliokuwa umepamba meko ya nyumba. Kwenye mtambo wa kuyumbisha nyuzi wakaweka springi za valvu za pikipiki, zile zile ambazo fundi bodaboda yeyote wa Singida mjini anazifahamu. Hadi leo May hupiga nyuzi kwa sarafu.

JE, WAJUA kwamba amplifaya moja ya bendi hiyo ilitokana na takataka? Mpiga besi John Deacon aliokota saketi kwenye pipa la taka mwaka 1972, akaifunga ndani ya kasha la spika. Queen waliitumia kurekodi kwa miaka mingi.

JE, WAJUA ule mkwaruzo wa gitaa la roki unatoka wapi? Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na sauti hujaa ukali. Mwaka 1964 mpiga gitaa Dave Davies wa bendi ya The Kinks aliupata kwa njia nyingine: alichana karatasi ya spika yake kwa wembe.

JE, WAJUA kwamba mpiga gitaa Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, Birmingham? Alikuwa na miaka 17. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, kisha baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Kulegeza huko kulichangia sauti nzito ambayo bendi nyingi zimeirithi. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1970, ilirekodiwa kwa siku moja tu.

JE, WAJUA kwamba Dar es Salaam ilikuwa na bendi yake ya roki ya Kiafrika? Sunburst ilianzishwa mwaka 1970, ikiwakusanya vijana wa Tanzania, Zaire na nchi nyingine. Walichanganya magitaa ya umeme na midundo ya nyumbani, wakauita muziki wao Kitoto Sound. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976 walipokuwa Zambia. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya, na kizazi kipya kikaisikia.

JE, WAJUA kwamba bendi nyingi kubwa za Tanzania za enzi hizo hazikumiliki vyombo vyao? NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi: chama kilinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mishahara. Bendi hiyo ndiyo Msondo Ngoma ya leo.

JE, WAJUA kwamba mji mdogo wa wafugaji unaweza kukuza bendi nzito? Ghanzi, Botswana, ni mji wa ng'ombe na ukame, ulio mbali na makao makuu ya nchi. Hapo ndipo ilipozaliwa Overthrust mwaka 2008. Wameandaa tamasha lao huko huko nyumbani, na mwaka 2016 walipanda jukwaa la tamasha la Wacken, Ujerumani.

Singida ina mafundi, ina vijana wanaojifunza gitaa na kinanda kwenye kwaya, na ina nafasi ya kupiga kelele. Wazazi na walimu, msiwazimie vijana umeme wa mazoezi. Nanyi vijana, tafuteni wenzenu watatu, anzeni na mlicho nacho, na mtunge nyimbo zenu wenyewe.