Namba Tatu Amechoma? Ngoja Kwanza, Masta

Gemu ya Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, ikiisha, Kasongo hapa Maniema hakuna mtu wa kulala. Jenereta ya ukumbi wa video inazimwa, lakini midomo ndio kwanza inawaka. Mbogi inamwagika nje, wengine wanakalia pikipiki, wengine wanasimama chini ya mwembe, na kesi inaanza hapo hapo. Mshtakiwa kila siku ni mmoja: beki wa pembeni.

"Bana, huyu namba tatu amechoma!"

"Amepigwa chenga hadi akakaa chini, umemwona?"

"Na ile penalti, masta, si hata mimi ningefunga!"

Kule Kabambare stori ni hiyo hiyo. Wachimba dhahabu wa Salamabila wakipata redio au simu yenye chaji, wanabishana mpaka usiku mkubwa, na asubuhi wanaendelea pale walipoachia.

Mimi nasema wazi, hawa mabeki tunawaonea. Kubishana nakupenda, boli bila maneno haina ladha. Lakini kuna kubonga juu ya gemu, na kuna kumvunja msee. Sisi tumezoea ya pili, na inatugharimu.

Kazi yenye haionekani

Straika anaweza kukosa nafasi tano, akifunga moja ya mwisho anabebwa mabegani. Beki anacheza fiti dakika 89, anateleza mara moja, jina lake linachafuka mtaa mzima. Na wa pembeni ndiye anateseka zaidi. Siku hizi kocha anataka apande mpaka karibu na kibendera cha kona, amwage krosi, halafu arudi mbio uwanja mzima kabla winga wa upinzani hajafika. Winga wake mwenyewe asiporudi kumsaidia, anabaki peke yake na wasee wawili. Beki wa kati asiposogea kuziba, hapo ni ngori tupu.

Goli likiingia, kamera inamwonyesha nani? Yeye, ju ndiye alikuwa karibu na mfungaji. Kiungo mwenye alipoteza mpira katikati sekunde kumi nyuma, hakuna mtu anamkumbuka. Kwa hiyo kabla hujasema "amechoma", rudisha gemu nyuma kichwani. Mpira ulipotelea wapi? Winga alirudi? Beki wa kati alifunika? Mara nyingi utakuta hilo kosa lina wenyewe watatu, na tumempa mtu mmoja alibebe lote.

Siku tano za Masuaku

Cheki Arthur Masuaku, beki wetu wa kushoto. Tarehe 28 Januari 2024, San Pedro, Kodivaa, Léopards na Misri kwenye hatua ya kumi na sita bora ya Kombe la Afrika. Dakika 120 zinaisha 1–1, tunaenda matuta. Masuaku anapiga, anakosa.

Unajua venye ingekuwa kama Misri wangeshinda usiku ule. Jina lake lingegeuka tusi kutoka Kinshasa hadi huku kwetu. Lakini wenzake wote waliopiga walifunga, mpaka zamu ikawafikia magolikipa. Gabaski wa Misri akagonga mwamba. Lionel Mpasi wetu akaweka wavuni. 8–7, Kongo ikapasuka kwa kelele.

Kwenye furaha ile kuna wasee bado walikuwa wanamkaanga Masuaku. Sawa. Tarehe 2 Februari, Abidjan, robo fainali na Gine. Dakika ya 82 tunaongoza 2–1, roho ziko juu, tunapata faulo. Nani anaweka mpira chini? Masuaku, yule yule. Akaukunja moja kwa moja mpaka wavuni. 3–1, nusu fainali hiyo.

Ni siku tano tu zilipita. Mtu mwenye alikosa mbele ya bara zima hakujificha nyuma ya wengine, aliuomba mpira tena. Huo moyo ndio tunapaswa kubonga juu yake kwenye kila baraza ya Maniema.

Penalti ziko mbili

Kuna penalti yenye beki anasababisha, na kuna penalti yenye anapiga. Tunazichanganya, lakini ni kesi mbili tofauti.

Ya kusababisha tuijadili bila huruma, hapo kuna cha kujifunza. Mkono ulikuwa wapi? Kwa nini aliteleza chini wakati mshambuliaji alikuwa anakimbilia pembeni? Kwenye ile gemu ya Misri, kiwiko cha Dylan Batubinsika ndicho kilitupa ngori, VAR ikakiona, Mostafa Mohamed akafunga. Gemu ya Gine, kapteni Chancel Mbemba alimwangusha Mohamed Bayo ndani ya boksi, tukafungwa mapema. Hayo ni makosa, tuyaite makosa. Lakini angalia Mbemba alifanya nini baada ya hapo: dakika saba tu, akapanda mbele akasawazisha mwenyewe.

Ya kupiga ni kitu kingine. Beki hajaajiriwa kufunga. Akienda kwenye ile nukta, ni kwa sababu amekubali kubeba mzigo wenye wengine wanauangalia kwa mbali. Tarehe 10 Februari 2024, kwenye gemu ya mshindi wa tatu na Afrika Kusini, ilikuwa 0–0 halafu matuta. Penalti ya Mbemba haikuingia, tukapoteza 6–5. Watu walisema basi, amekwisha, mwacheni azeeke. Msimu wa 2024–25 klabu yake, Marseille, nayo ikamweka pembeni, hachezi.

Sasa ruka miezi 21. Novemba 2025, Moroko, mchujo wa Afrika wa kutafuta njia ya Kombe la Dunia. Tarehe 13, Mbemba anaiua Kameruni kwenye dakika za nyongeza, 1–0. Tarehe 16, Rabat, Nigeria, 1–1, matuta tena. Penalti ya kumaliza kazi iko miguuni mwa nani? Mbemba. Akafunga. 4–3. Kama kocha angesikiliza kesi zetu za chini ya mwembe, yule msee hangekuwa hata uwanjani.

Deni letu kwa Mwepu

Hii tabia ya kumcheka beki si ya jana. Tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani, Kombe la Dunia, Zaire (ndiyo Kongo yetu ya leo) na Brazil. Brazil wanapata faulo, na Mwepu Ilunga, beki wetu wa kulia, anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla hawajaugusa. Refa akampa kadi ya njano. Dunia ikacheka miaka na miaka, ikisema Waafrika hawajui sheria za boli.

Hawakujua kwamba huyu jamaa, miezi michache nyuma, alikuwa ametwaa Kombe la Afrika. Baadaye alieleza mwenyewe: pesa zao hawakulipwa, na baada ya kuchapwa 9–0 na Yugoslavia, watu wa Rais Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa zaidi ya tatu na Brazil, watajuta. Gemu iliisha 3–0. Mwepu alifariki 2015, na mpaka leo kuna watu wanaonyesha ile picha kama kichekesho. Sisi Wakongo angalau tusiwe kati yao. Yule alikuwa beki mwenye hofu kifuani, anatafuta njia ya kurudi nyumbani salama.

Na hawa wa leo nao wanatubeba kwa namna yao. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Kodivaa, wakati wa wimbo wa taifa, Léopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia: mashariki ya Kongo watu wanakufa, na nyinyi mmenyamaza. Kabambare hakuna aliyehitaji kuelezwa ile ishara. Kule watu wamekimbia vijiji, wameacha mashamba ya mpunga ju ya bunduki. Mabeki walisimama kwenye mstari ule pamoja na wengine. Tulifungwa 1–0, lakini walikuwa wametusemea.

Na namba tatu wa mtaani je?

Hapa ndipo inaniuma zaidi. Cheki uwanja wowote wa vumbi Kasongo jioni. Watoto wakigawana nafasi, kila mtu anataka namba tisa au kumi. Mwenye anaonekana mnyonge ndiye anatupwa beki ya pembeni, halafu akikosea tunamrushia maneno yale yale tuliyomrushia Masuaku. Baada ya msimu mmoja anaacha boli, tunabaki kulalamika kwamba Maniema haitoi mabeki.

Na njia ipo. Maniema Union ya Kindu ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024–25, ikakutana na wazito kama Mamelodi Sundowns na Raja Casablanca. Ni timu ya mkoa wetu. Inahitaji namba mbili na namba tatu kama inavyohitaji mafowadi, na hao watatoka kwenye hivi viwanja vyetu kama hatutawavunja kabla hawajaiva.

Kwa hiyo, wasee wa Kasongo na nyinyi wa Kabambare, tubonge, hata tukeshe. Lakini ukimkosoa namba tatu, taja dakika, taja kosa, halafu sema alipaswa kufanya nini. Ukishindwa hayo matatu, mpe mwingine zamu. Na mkipanga timu Jumapili, ulizeni nani anataka kupiga penalti. Mdogo wetu mwenye atanyoosha mkono, hata akikosa, gemu ijayo mpeni tena.