Bolti Isiyoshika

Mtu akiniita nimtazamie boti kuukuu ya ski anayotaka kuinunua, rangi naiacha kando na viti sivigusi. Naomba spana. Nafunua kifuniko cha injini, nashuka ngamani, na bolti zinazoshikilia miguu ya injini nazijaribu moja moja. Bolti ikigoma kukaza zaidi, moyo wangu hutulia. Ikizunguka bure kama mwiko kwenye uji, najua boti hiyo imeoza, hata kama ubavuni inang'aa kama sahani mpya.

Mnunuzi hushangaa: faiba nayo huoza? Faiba haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake, na boti za aina hii zilijengwa juu ya mbao.

Mchezo wenyewe wa ski za majini ulizaliwa Marekani mwaka 1922, kijana Ralph Samuelson alipofanikiwa kusimama juu ya mbao mbili akivutwa na boti katika Ziwa Pepin, Minnesota. Boti zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mchezo huo zilikuja baadaye: Ski Nautique ya kampuni ya Correct Craft, kule Florida, mwaka 1961, na MasterCraft ya Tennessee mwaka 1968. Injini huwekwa katikati, nyingi zikiwa za silinda nane za aina ya zile za magari makubwa, na shafti hupita moja kwa moja chini ya boti. Uzito ukikaa katikati, wimbi linaloachwa nyuma huwa dogo, na mchezaji hulivuka bila kurushwa.

Lakini injini hiyo nzito lazima ikalie kitu. Katika boti nyingi za miaka ya 1970 na 1980 inakalia mihimili miwili mirefu ya mbao, iliyolazwa kutoka omo hadi tezi na kufunikwa kwa mati na resini. Pembeni mwa mihimili, chini ya sakafu, kiwanda kilimwaga povu gumu ili boti ielee hata ikijaa maji. Mbao zikiwa kavu, mpango huu ni mzuri sana. Kisha mtu anatoboa tundu. Tundu la bolti ya injini, tundu la skrubu ya kiti, tundu la nguzo ya kufungia kamba. Kila moja ni mlango. Maji yakishaingia ndani ya mbao iliyovikwa faiba hayana pa kutokea. Mbao inabaki na unyevu mwaka mzima, kuvu wanapata chakula, na baada ya miaka kadhaa ganda la faiba limebaki na matope ya kahawia ndani yake.

Povu nalo hunyonya polepole. Likiwa kavu, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 32 hivi. Maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Ndiyo maana mwenye boti hulalamika kwamba injini imechoka, haimnyanyui mchezaji kama zamani, anabadilisha kabureta na propela, kumbe amebeba mzigo wa maji chini ya miguu yake.

Ukitaka uhakika, toboa mhimili kwa keekee ya milimita 4, mahali pa chini, kisha soma vumbi linalotoka. Vumbi la rangi ya mbao, kavu, lenye harufu ya msitu: salama. Vumbi jeusi linaloganda kwenye keekee: huo ni uozo. Tundu lizibe kwa epoksi siku hiyohiyo.

Kazi ya kutengeneza si ya siri, ila inataka subira. Kosa kubwa kuliko yote ni kukata sakafu kabla boti haijaegemezwa vizuri. Mihimili ndiyo uti wa mgongo. Ukiitoa yote kwa pamoja, tumbo la boti hulegea na kukauka likiwa limepinda. Boti iliyopinda chini haitakwenda sawa tena, hata ukiitia injini mpya. Kwa hiyo iegemeze sehemu nyingi, pima mahali injini ilipokaa, uandike, kisha toa mhimili mmoja, urudishe mpya, ndipo uuguse wa pili.

Faiba ya zamani isuguliwe kwa grainda mpaka ionekane safi na kavu, na ukingo wa kiraka uteremke taratibu: kwa kila milimita moja ya unene, upana wa milimita 12. Kiraka kilichobandikwa juu ya ukingo wima hubanduka. Kuhusu resini, mafundi hubishana. Mimi natumia epoksi kwenye mbao na kwenye maungio, kwa sababu inashika mbao na faiba kongwe vizuri zaidi kuliko poliesta. Ni ghali, lakini boti nzima inategemea ushikaji huo. Kumbuka tu kwamba poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, basi ukianza na epoksi, maliza nayo.

Kwenye poliesta, hadena ni asilimia 1 hadi 2, kwa kipimo, si kwa jicho. Ikizidi, resini huchemka kwenye kopo na hata kutoa moshi. Tone moja la hadena hiyo jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani kabla ya kufungua chupa. Na vumbi la faiba ni vioo vidogo: barakoa yenye kichujio, mikono mirefu, kila siku ya kazi.

Matundu ya bolti nayo yana dawa. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito, liache likauke, kisha toboa tena tundu dogo katikati ya epoksi hiyo. Bolti sasa inashika, na maji hayaigusi mbao. Wenye boti za faiba kwenye pwani yetu, zenye mashine ya kuning'inia nyuma, wafanye vivyo hivyo kwenye ubao wa tezi, maana plaiwudi iliyofichwa pale huoza kwa njia ileile. Shika mashine uitikise. Tezi ikicheza, usiende nayo baharini.

Kwenye injini kuna jambo moja ambalo sitalipitia harakaharaka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia ngamani. Stata na oltaneta za boti zimefungwa ili cheche zisitoke. Za gari hazikufungwa hivyo. Zinafanana, za gari ni rahisi, na zimekwisha kulipua boti. Washa feni ya ngama dakika 4 kabla ya kuwasha injini, kila safari, nusa, ndipo ugeuze ufunguo.

Matunzo ya kawaida ni machache: impela ya pampu ya maji ibadilishwe kila mwaka, plagi ya ngama itolewe boti ikiwa nchi kavu, turubai liache hewa ipite. Kwenye nchi za baridi, maji yatolewe yote ndani ya injini kabla ya majira hayo. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua chuma. Jelikoti, yaani ganda la nje linalong'aa, likipauka ni kazi ya msasa wa maji, polishi na nta, nayo ingoje mwisho.

Boti ikirudi majini, usipeane mkono na fundi bado. Tumbo hubadilika umbo kidogo likielea. Iache siku mbili tatu, kisha fungua maungio ya shafti na giaboksi, upime mwanya kuzunguka pande zote: tofauti isizidi milimita 0.08. Sogeza miguu ya injini mpaka ikubali, halafu chukua spana ukaze bolti zake.